Protini za telomea hazikai telomea tu

Vitabu vya baiolojia humaliza habari ya ncha za kromosomu haraka: kuna telomea, kuna protini sita zinazoilinda, basi. Ukiishia hapo hutaelewa kwa nini panya wa maabara aliyenyimwa mojawapo ya protini hizo hunenepa bila kuongezewa chakula. Hutaelewa pia kwa nini nyingine imekutwa ndani ya mitokondria. Wala hutajua kwa nini kimelea cha malale, ambacho ndorobo wa miombo ya Urambo na Kaliua hukiingiza kwenye damu ya mtu, kingeshindwa kujificha kama kisingekuwa na protini ya ukoo huohuo. Hoja yangu ni moja: protini hizi zilikutwa telomea kwanza zikasajiliwa huko, lakini kazi zake zimetapakaa seli nzima, na anayezisoma au kuzipima lazima ajue kutenganisha kazi ya ncha na kazi nyingine.

Nawaandikia zaidi wanafunzi wa kidato cha sita wa mchepuo wa sayansi, wanachuo wa afya, na mafundi sanifu maabara wa Tabora na Kigoma ambao wameniuliza mambo haya vipande vipande.

Tuanze na ncha yenyewe. Kwa binadamu telomea ni herufi TTAGGG zinazojirudia kwa urefu wa jozi za besi 5,000 hadi 15,000. Mwishoni kabisa uzi mmoja hubaki bila mwenzake kwa besi 50 hadi 200 au zaidi. Uzi huo hurudi nyuma na kujipenyeza ndani ya sehemu yenye nyuzi mbili, ukafanya kitanzi ambacho kilionekana kwa hadubini ya elektroni mwaka 1999. Kila seli inapogawanyika, ncha hupungua jozi 50 hadi 100 hivi, kwa sababu mbili. Ya kwanza kila mtu anaitaja: mashine ya kunakili DNA haiwezi kumalizia kipande cha mwisho. Ya pili husahaulika: vimeng'enya hukata uzi mmoja makusudi ili ule mwingine upate mkia, na bila mkia hakuna kitanzi.

Sasa tatizo. Seli inaichukulia ncha yoyote ya DNA kuwa ni mahali palipokatika. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na pale ziwani ndipo inapoishia. Dereva akikuta reli imekatika porini karibu na Malagarasi, anasimama, anatoa taarifa, na kikosi cha matengenezo kinatumwa. Reli ikiishia Kigoma stesheni hakuna anayekimbia na vyuma kwenda kuiunga na kitu kingine. Kwenye seli, wanaotoa taarifa ni protini ziitwazo ATM na ATR, na kikosi cha kuunga kinaongozwa na protini za Ku. Shelterini, yaani zile protini sita kwa pamoja, ndiyo kibao kinachosema hapa ni mwisho halali. Kibao kikiondolewa, kikosi huchukua mwisho wa Kigoma na kuuchomelea kwenye mwisho wa Mpanda. Kromosomu mbili zinakuwa moja yenye vituo viwili vya kuvutwa. Seli ikigawanyika, kila upande huvuta, kromosomu hukatika mahali pasipojulikana, na uharibifu unaanza upya kwenye kizazi kinachofuata.

Seli ya binadamu ina kromosomu 46, kwa hiyo ncha 92. Vibao 92, na kila kimoja huundwa na protini hizi sita.

TRF1 na TRF2 hushika sehemu yenye nyuzi mbili, kila moja kama jozi. POT1 hushika uzi wa peke yake, na inahitaji angalau mfuatano TTAGGGTTAG ili ishike vizuri. TPP1 huambatana na POT1, na ina sehemu maalumu usoni mwake inayoita kimeng'enya cha telomerezi kije kurefusha ncha. TIN2 hukaa katikati ikiunganisha TRF1, TRF2 na TPP1. RAP1 hupanda mgongoni kwa TRF2. Mgawanyo wa ulinzi nao si wa kubahatisha: TRF2 humzuia ATM na kikosi cha kuunga, POT1 humzuia ATR, na TRF1 husaidia mashine ya kunakili ipite kwenye mfuatano huu mgumu bila kukwama. Ukiondoa TRF1 kwenye seli za panya, telomea huonekana zimevunjikavunjika chini ya hadubini, na kijusi cha panya kisicho nayo hufa mapema sana.

Kabla hatujaenda mbali, onyo kuhusu majina, maana hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa. Jeni la TRF1 limesajiliwa kama TERF1, la TRF2 ni TERF2, la TIN2 ni TINF2. Mpaka hapo hakuna shida. Lakini jeni la TPP1 linaitwa ACD, na kuna jeni jingine kabisa ambalo jina lake rasmi ndilo TPP1: hilo hutengeneza kimeng'enya cha ndani ya lisosomu, na likiharibika mtoto hupata ugonjwa wa ubongo usiohusiana na telomea hata kidogo. RAP1 ni mbaya zaidi. Jeni lake ni TERF2IP. Ukiandika "RAP1" kwenye orodha ya kingamwili za kununua, unaweza kuletewa ile ya protini ndogo ya kupitisha ishara kwenye utando wa seli, ambayo jeni zake ni RAP1A na RAP1B. Hizi zina uzito wa kilodaltoni 21 hivi. RAP1 ya telomea ina asidi amino 399, uzito wake kwa hesabu ni kilodaltoni 44, lakini kwenye jeli hupanda hadi karibu 60, kwa hiyo usishtuke ukiona mstari juu ya ulipotarajia. Ukiona mstari kwenye 21, umenunua kingamwili ya protini nyingine. Agiza kwa jina la jeni, si la protini.

RAP1, kuanzia kwenye hamira

RAP1 ilijulikana kwanza kwenye hamira, ileile ya maandazi. Huko haihitaji kupanda mgongo wa yeyote. Ina sehemu zake za kushika DNA moja kwa moja. Hushika telomea na kuhesabu urefu wake, lakini pia hukaa mbele ya jeni nyingi za protini za ribosomu na za kuvunja sukari na kuziwasha kwa nguvu. Papo hapo hunyamazisha jeni za jinsia ya hamira zilizofichwa. Protini moja inawasha huku na kuzima kule, kutegemea imesimama wapi na imeambatana na nani. Hamira isiyo na RAP1 hufa, na kifo hicho hakiwezi kuelezwa kwa telomea peke yake, kwa kuwa seli isiyotengeneza ribosomu haina maisha hata kama ncha zake zote ni nzima.

Kwa mamalia mambo yamebadilika. RAP1 yetu imepoteza uwezo wa kushika DNA kwa nguvu peke yake, ndiyo maana inamtegemea TRF2. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba nayo ni nguzo ya ulinzi wa ncha. Kisha mwaka 2010 wakatengenezwa panya wasio na RAP1, na panya hao wakaishi na kuzaa. Kromosomu zao hazikuungana. Kilichoonekana ni kwamba bila RAP1 telomea hubadilishana vipande vya DNA baina yao zaidi ya kawaida, jambo ambalo si dogo, lakini si lile janga linaloonekana ukiondoa TRF2. Mwaka 2014 jeni hilo lilifutwa kwenye seli za binadamu pia, na kromosomu hazikuungana.

Basi kwa nini mageuzi yameitunza protini hii kuanzia hamira hadi mtu? Jibu lilianza kuonekana mwaka 2013, pale makundi mawili tofauti yalipotangaza kwamba panya wasio na RAP1 hunenepa, majike zaidi ya madume, na si kwa kula zaidi. Ini lao hujaa mafuta na insulini haiwafanyii kazi vizuri. Ramani za mahali RAP1 inaposhika DNA zilionyesha kwamba haipo kwenye ncha tu. Imekaa pia katikati ya kromosomu, karibu na jeni nyingi, zikiwemo zinazohusika na uchomaji wa mafuta. Jeni za PPAR-alfa na PGC1-alfa, ambazo ni kama wasimamizi wakuu wa uchomaji huo, hushuka RAP1 inapokosekana. Telomea za panya hao zilikuwa bado ndefu, kwa hiyo unene ule hauwezi kulaumiwa kwa ufupi wa telomea. Ushahidi wa namna hii, athari kubwa huku ncha zikiwa nzima, ndio ninaoupenda kuliko wote katika eneo hili.

Kuna upande wa tatu, nje kabisa ya kiini cha seli. RAP1 imekutwa kwenye saitoplazimu ikiwa imeshikamana na vimeng'enya vya IKK, ambavyo huwasha NF-kB, swichi kuu ya uvimbe na kinga. Ukipunguza RAP1, NF-kB huwaka kwa unyonge; ukiizidisha, huwaka zaidi. Na kwa kuwa jeni la RAP1 lenyewe ni mojawapo ya yanayowashwa na NF-kB, mzunguko unajilisha.

Kwenye damu yenye malale

Hapa ndipo mkoa wetu unapoingia. Urambo na Kaliua upande wa Tabora, Kibondo na Kasulu upande wa Kigoma, ni wilaya zinazotajwa sana kwenye rekodi za malale ya aina ya rhodesiense. Warina asali, wawindaji na wafugaji wanaopitisha ng'ombe kwenye miombo ndio huumwa zaidi na ndorobo. Kimelea chenyewe, Trypanosoma brucei, kina telomea zenye herufi TTAGGG, sawasawa na zetu. Lakini sisi kwenye ncha hatuweki kitu cha maana sana; chenyewe kimeweka huko mkakati mzima wa kuishi.

Mwili wa kimelea umefunikwa na koti la protini moja inayoitwa VSG, molekuli kama milioni 10 zilizosongamana, karibu sehemu moja ya kumi ya protini zote za seli hiyo. Kinga ya mwili huliona koti, hutengeneza kingamwili, huua karibu vimelea vyote. Wachache ambao tayari wamebadilisha koti hubaki na kuongezeka upya. Ndiyo maana homa ya malale huja kwa mawimbi, na ndiyo maana hakuna chanjo. Kimelea kina jeni za VSG na vipande vyake zaidi ya 2,000, lakini koti huvaliwa kutoka sehemu maalumu tu, kama 15 hivi, ambazo zote zipo mwishoni mwa kromosomu. Jeni la VSG kwenye sehemu hizo liko umbali mdogo sana kutoka telomea, kwa kawaida pungufu ya jozi 2,000. Kati ya sehemu hizo 15, moja tu ndiyo huwaka kwa wakati mmoja.

Nani anazima zile 14? Mwaka 2009 ilionyeshwa kuwa RAP1 ya kimelea hiki ndiyo mhusika mkuu. Wanasayansi walipoipunguza, jeni za VSG zilizokuwa kimya ziliamka kwa makumi na mamia ya mara, na seli moja ikavaa makoti mchanganyiko. Kadiri jeni lilivyokuwa karibu na telomea ndivyo lilivyoamka zaidi, kitu kinachoonyesha kwamba ukimya unaanzia kwenye ncha na kuenea ndani. Vimelea hivyo vikashindwa pia kuendelea kukua. Kimelea kikiwa ndani ya ndorobo hakivai VSG kabisa kwenye utumbo, huvaa koti jingine la prosiklini, na RAP1 huko nako inahitajika ili VSG zote zibaki zimezimwa.

Fikiria hatari yake kwa kimelea: seli iliyovaa makoti matano kwa pamoja inaonyesha kinga makoti matano, na akiba ya miezi inateketea kwa wiki. Watafiti wanaotafuta dawa wameliona hilo. Ugumu ni kupata molekuli itakayoigusa RAP1 ya kimelea bila kugusa yetu, ingawa umbali wa kimageuzi kati ya hizo mbili ni mkubwa, na hilo linatia moyo.

Nyongeza moja ambayo wanafunzi hufurahia. Trypanosoma brucei ya kawaida haiambukizi watu kwa sababu damu yetu ina APOL1, protini inayotoboa kimelea. Aina ya rhodesiense hupona kwa kuwa na jeni la SRA, linaloifunga APOL1. Jeni hilo la SRA limekaa wapi? Ndani ya sehemu ya kuvalia VSG, karibu na telomea. Kimelea kikibadilisha sehemu inayowaka, kinaweza kupata au kupoteza uwezo wa kuishi ndani ya mtu. Ng'ombe anayeonekana mzima kule Kaliua anaweza kubeba kimelea ambacho kitamuua mchungaji wake, na tofauti ni jeni gani linawaka kwenye ncha gani. Tusichanganye hapa: nagana ya ng'ombe wetu husababishwa zaidi na ndugu zake, Trypanosoma congolense na Trypanosoma vivax; brucei kwa ng'ombe mara nyingi ni mpole.

Kimelea cha malaria nacho kina ujanja unaofanana, kwa jeni za var kama 60, nyingi zikiwa karibu na ncha, moja ikiwaka kwa zamu. Walinzi wake ni protini nyingine, kwa hiyo siendelei nacho.

Wengine kwa haraka

TIN2 ina kipande mwanzoni mwake kinachoipeleka mitokondria. Ikiwa imeshikwa na TPP1 inabaki kwenye kiini. Isiposhikwa, sehemu yake huenda mitokondria na kukatwa kidogo inapoingia. Mwaka 2012 ilionyeshwa kwamba ukipunguza TIN2 kwenye seli za saratani, matumizi ya oksijeni na utengenezaji wa ATP hupanda, uvunjaji wa sukari hushuka. Kwa watoto, mabadiliko kwenye jeni la TINF2 huleta ugonjwa mkali wa telomea fupi: kucha zinaharibika, ngozi inakuwa na mabaka, ulimi una weupe, na uboho unashindwa kutengeneza damu. Telomea fupi zinaeleza sehemu kubwa ya ugonjwa huo. Kama mitokondria nayo ina mchango ni swali linalohitaji majaribio ya kutenganisha kazi, nitakayoyaeleza hapa chini.

POT1 iliyoharibika huleta kinyume: telomea ndefu mno. Wengi hudhani urefu ni baraka. Familia zenye mabadiliko hayo hupata melanoma (saratani ya ngozi) na saratani za damu zaidi ya wengine, kwa kuwa seli iliyokwisha kuharibika haifikii ukomo wake wa kugawanyika. Ukiuziwa kidonge cha "kurefusha telomea", kumbuka POT1.

Telomerezi, kile kimeng'enya cha kurefusha ncha, iliyogunduliwa na Carol Greider na Elizabeth Blackburn mwaka 1984 na kuwapa Nobel mwaka 2009 pamoja na Jack Szostak, ina kiini cha protini kiitwacho TERT na uzi wa RNA wa nyukleotidi 451. Asilimia 85 hadi 90 ya saratani huiwasha. TERT nayo huondoka kwenye kiini cha seli na kwenda mitokondria seli inaposhambuliwa na oksijeni kali. Tankirezi, kimeng'enya kinachoiondoa TRF1 kwenye telomea kwa kuibandika minyororo ya ADP-ribosi, huibandika minyororo hiyo pia protini ya aksini kwenye Wnt, njia ya kupitisha ishara ndani ya seli, na husaidia nyuzi za kugawanya seli zijipange. Dawa inayozuia tankirezi kwa hiyo haiwezi kuwa dawa ya telomea pekee, na ndicho kikwazo chake.

Utajuaje kwamba kazi si ya telomea?

Njia ya kwanza ni kutafuta protini imekaa wapi kwenye DNA, kwa ChIP, yaani kuinasa protini kwa kingamwili pamoja na DNA iliyoishika. Seli hufungwa kwa fomaldehaidi ya asilimia 1 kwa dakika 10 kwenye joto la chumba, kisha glisini ya milimola 125 kwa dakika 5 kusimamisha. DNA hukatwakatwa kwa mawimbi ya sauti hadi vipande vya jozi 200 hadi 500. Kingamwili, mikrogramu 2 hadi 5, hukaa na mchanganyiko usiku kucha kwenye nyuzijoto 4. Kinachofuata ni kuosha, kuachanisha kwa nyuzijoto 65 usiku mwingine, na kusafisha kwa proteinezi K. Kwa telomea usitumie PCR ya kawaida, kwa sababu mfuatano unaojirudia haukubali vianzio vizuri. Dondoshea DNA kwenye utando, tumia kipimio cha TTAGGG, kisha rudia kwa kipimio cha Alu, mfuatano uliotapakaa kwenye kromosomu zote, ili kuona kelele ya DNA ya kawaida.

Yanayoharibika ni matatu. Fomaldehaidi ikizidi muda, kingamwili haioni tena mahali pake pa kushika. Vipande vikibaki virefu, jozi 2,000 kwa mfano, jirani wa telomea anavutwa pamoja na telomea, nawe unaripoti kwamba protini inadhibiti jeni ambalo haijaligusa. Na la tatu ni TTAGGG zilizo katikati ya kromosomu. Sokwe wa Gombe wana kromosomu 48, sisi 46, kwa sababu kromosomu yetu ya 2 ni mbili za mababu zilizoungana, na mahali pa muungano, kwenye mkono mrefu, bado kuna mabaki ya TTAGGG yaliyochakaa yakiangaliana. TRF1 na TRF2 hushika vipande vya aina hiyo. Ukiona alama yake katikati ya kromosomu, kwanza angalia kama kuna mfuatano huo. Ukiwepo, hiyo ni anwani ya kawaida ya TRF2, na bado hujathibitisha kwamba inafanya kazi yoyote pale.

Njia ya pili ni kuondoa protini, nayo ina mtego: ukiondoa TRF2, RAP1 hupotea nayo, kwa sababu haina pa kushika na huvunjwa. Nusu ya yale uliyoyaona huenda ni ya RAP1. Kuizidisha protini ni kubaya zaidi. TPP1 na POT1 kwenye seli ni chache, kama moja ya kumi ya TIN2. Ukizijaza mara 50 zitakwenda popote. Kinachoaminika ni protini iliyobadilishwa asidi amino moja au mbili tu, ili ipoteze kazi moja na kubaki na nyingine: RAP1 isiyoshika TRF2 lakini inashika IKK, TIN2 isiyokwenda mitokondria lakini inakaa telomea. Irudishe kwenye seli isiyo na protini ya asili, kwa kiwango cha asili, upime yote mawili.

Aina ya seli nayo hubadilisha jibu. Mwaka 2021 iligundulika kwamba seli shina za kijusi cha panya huishi bila TRF2, hazichomelei kromosomu zao, na kitanzi hubaki. Zikianza kukomaa kuwa tishu, zinaanza kuihitaji. Kwa hiyo "TRF2 ni ya lazima" ni sentensi isiyokamilika hadi utaje seli.

Kupima urefu wenyewe

Maabara nyingi zenye mashine ya PCR ya wakati halisi hutumia uwiano wa T kwa S: mmenyuko mmoja unapima telomea, mwingine unapima jeni lenye nakala moja, kisha unagawanya. Nanogramu 10 hadi 20 za DNA kwa kila kisima, marudio matatu, na sampuli ya kulinganishia kwenye kila sahani. Damu ichukuliwe kwenye mrija wa kifuniko cha zambarau, wenye EDTA. Wa kijani una heparini, na heparini huzuia PCR. Utapata telomea "fupi" ambazo ni kosa la mrija. Sampuli zote zitolewe DNA kwa njia moja, maana njia tofauti hutoa majibu tofauti kwa damu ileile. DNA igandishwe kwa mafungu madogo, si mrija mmoja unaoyeyushwa kila mara. Umeme ukikatika mara kwa mara kama ilivyo kwetu, friza yenye kipimajoto kinachoweka kumbukumbu ni lazima, vinginevyo hutajua sampuli zipi ziliyeyuka usiku.

Usahihi una ukomo wake. Kosa la 0.1 tu kwenye Ct, yaani mzunguko wa PCR ambapo ishara huanza kuonekana, ambalo hakuna fundi atakayeliona kwa macho, ni tofauti ya asilimia 7 kwenye jibu. Kwa telomea ya jozi 7,000 hiyo ni jozi 490. Chembe nyeupe za mtu mzima hupoteza jozi 20 hadi 40 kwa mwaka, kwa hiyo kosa hilo dogo ni sawa na miaka 12 hadi 24 ya umri. Kipimo hiki kinafaa kulinganisha makundi ya mamia ya watu. Kampuni ikikutumia karatasi inayosema seli zako zina umri wa miaka 38, waulize tofauti ya kipimo chao kati ya sahani na sahani ni asilimia ngapi, na walilinganisha na sampuli ipi. Kwa ugonjwa wa kweli wa telomea fupi, daktari huhitaji njia inayotazama seli moja moja kwa vipimio vinavyong'aa, na kwa sasa damu ya namna hiyo hupelekwa nje ya nchi ikiwa mbichi, ndani ya saa chache zilizopangwa na maabara inayopokea.